Mguu Niliomtengenezea Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele, chenye cherehani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Mama alikusikia ukikohoa kwenye simu akakosa raha siku nzima. Ameniagiza nikuulize, kabla ya neno lingine lolote, kama unakunywa vitu vya moto au bado unaendelea na ubishi. Jibu ukweli tu, maana barua yako ataisoma mwenyewe.

Sisi hapa hatujambo. Mume wangu, yule unayemwita Mkimya, bado ni mkimya. Binti yetu amenipita kimo na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, ila akishapata mtu wa kumgombeza unapona.

Najua unachotaka kusikia, nami sitakuzungusha. Kaka yako anatembea. Ijumaa aliamka, akavaa mguu wake mwenyewe, akafunga kamba za viatu vyote viwili, akaenda mpaka duka la kona kununua vifungo vya shati. Hakuchukua gongo lake la kutembelea. Nilitaka kumfuata kwa nyuma, mama akanishika gauni. Alirudi akilalamika kwamba muuza duka hajui tofauti ya rangi ya maziwa na rangi nyeupe. Tulisikiliza malalamiko yale kama watu wanaosikiliza redio.

Kwa hiyo shusha pumzi, weka kikombe chako karibu, nikueleze jinsi ilivyokuwa. Kwenye simu haiwezekani, kwa sababu mwenyewe hukaa pembeni akijifanya anasoma gazeti.

Mara ya mwisho uliniuliza, kwa upole wako, kama sijutii kuacha ofisi. Nilikujibu kwa mkato nikabadilisha mazungumzo. Leo nitakujibu vizuri.

Unakumbuka nilipokuwa mdogo, wewe ulikuwa bado unaishi nasi hapa, nilikuwa nashinda chini ya meza ya baba nikiokota vipande vya vitambaa na kuviunga. Baba alikuwa akinitoa nje kwa mkono, taratibu, wala hakuwa na hasira. Alisema mikono yangu itashika kalamu. Yeye ameinama juu ya cherehani ili mimi nikae kwenye kiti chenye mgongo. Basi nikashika kalamu. Nilisoma biashara, nikaajiriwa kwenye kampuni ya bima, nikapewa kiti chenye mgongo na hata magurudumu.

Kazi yangu ilikuwa kusoma maombi ya watu walioumia na kuona kama karatasi zao zimekamilika. Sikuichukia. Lakini nilikuwa nikifika nyumbani jioni mtu akiniuliza nimefanya nini, sina cha kumwonyesha. Baba alikuwa na suruali iliyotundikwa ukutani, mama ana chakula mezani. Mimi nilikuwa na maumivu ya shingo.

Siku moja aliingia dereva wa lori aliyewahi kupata ajali, akakaa mbele yangu huku jasho linamtiririka. Akasema, "Dada, naomba niuvue kidogo, unaniua." Sikuelewa mpaka alipokunja suruali, akauchomoa mguu wa bandia, akauegemeza kwenye meza yangu. Wenzangu walitazama dirishani. Mimi nilijikuta nimeingiza mkono ndani ya ule mguu, nikapapasa, nikaona kuna ukingo mkali kama mshono uliopindwa haraka haraka. Nikamwambia, "Hapa ndipo panapokuumiza." Akasema, "Hapo hapo. Wewe ni mtaalamu?" Nikamwambia hapana, mimi ni wa karatasi.

Neno lile lilinikaa kichwani. Jumamosi yake nilimsindikiza kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali, nikiwa na sababu iliyokuwa nusu uongo, nusu kweli, na kuanzia hapo nikawa kama mtu aliyerogwa. Niliwaona watu waliovaa makoti yenye vumbi jeupe wakipika mabamba ya plastiki kwenye tanuri, wakiyalaza juu ya kalibu za plasta zenye umbo la mguu wa mgonjwa, wakikata, wakisugua kwa tupa, wakimpa mtu mguu na mtu anasimama. Nilisimama mlangoni mpaka wakaniuliza mimi ni ndugu wa mgonjwa gani.

Nikaenda kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja. Darasani wenzangu wote ningeweza kuwazaa, na waliniita Mama Mkubwa. Mkufunzi wetu ni mama mmoja mfupi, mkali, anayetembea na tupa kwenye mfuko wa koti, ndiyo maana anaitwa Mama Tupa. Kalibu yangu ya kwanza aliitazama, akaiweka chini, akasema ingefaa kuzuia mlango. Nilikuwa nalia chooni kisha narudi. Vijana walikuwa wanashika kitu mara moja, mimi mara kumi. Hapo ndipo nilipojuta kweli, Shangazi. Kuacha ofisi hakukuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kuchelewa. Nilikuwa nikitazama mikono ya wale vijana na kujiuliza yangu ingekuwaje leo kama ningeanza na rika lao.

Baba aliwaambia wateja wake kwamba niko likizo ndefu. Likizo hiyo ikaendelea mpaka nikapata cheti, na hata baada ya cheti, nilipoajiriwa kwenye karakana ile ile chini ya Mama Tupa.

Kisha kikaja kile kidonda cha kidole, na sukari yake, na yote unayoyajua mpaka mguu wa kulia ulipokatwa chini ya goti. Usilolijua ni jinsi alivyorudi nyumbani. Alilala akiangalia ukuta. Cherehani ilifunikwa shuka, vitambaa vya watu vikarundikana kwenye kiti, mama akawa anawaomba radhi wateja mlangoni. Jirani seremala akamletea cherehani ya umeme, ya kuazima, isiyotaka kukanyagwa. Baba aliijaribu dakika chache akaizima. Alisema inakimbia kama mtu anayefukuzwa na inamfukuza na yeye.

Nilipomtajia mguu wa bandia alinijibu, "Sitaki kuigiza." Mama ndiye aliyempatia dawa yake. Aliacha kumpelekea chai chumbani, akawa anaiweka mezani huku mbele kisha anaendelea na shughuli zake kama vile hakuna mgonjwa ndani ya nyumba. Baba alivumilia kiu siku moja. Ya pili tukasikia gongo linagonga sakafu. Alikunywa chai yake amekunja uso, na alipomaliza akasema, "Haya, nipelekeni. Lakini anitengenezee fundi."

"Baba, fundi ni mimi," nikamwambia.

"Nimesema fundi," akajibu.

Sitakuficha, liliniingia. Lakini nilijikaza, nikampeleka. Alipofika karakana alimwendea Mama Tupa moja kwa moja, akamwomba amshughulikie yeye binafsi. Mama Tupa akamwambia, "Mimi nasimamia. Mikono ni ya huyu. Ukitaka mikono mingine, mzee wangu, foleni ile pale." Baba aliitazama foleni, ikamkatisha tamaa, akakaa.

Sikuwahi kumshika baba mguu maisha yangu yote. Nililowesha bendeji za plasta nikaanza kumzungushia kigutu, yeye akiangalia dari na mimi nikiangalia kazi yangu. Plasta ikianza kukauka hupata joto. Akashtuka, akauliza kama ni kawaida. Nikamwambia ni kawaida. Hayo ndiyo maneno tuliyozungumza.

Mguu ule niliutengeneza kama ninayeshona gauni la harusi. Nilisugua, nikapapasa, nikasugua tena. Siku ya kuujaribu alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, Mama Tupa pembeni yangu, nikamuuliza unabana wapi. Akasema, "Hauna neno." Nikamuuliza tena. "Nimesema hauna neno." Alitembea mbele na nyuma, uso mkavu, mgongo umenyooka. Mama Tupa akanipigapiga begani, jambo ambalo hajamfanyia mtu yeyote, na nikarudi nyumbani kichwa juu.

Haikuchukua muda mrefu. Mama alikuwa anafua akaona damu kwenye ile soksi nene inayovaliwa ndani. Tulipomvua tukakuta ngozi ya mbele, juu ya mfupa, imechunika na kufunguka. Kwa mtu mwenye sukari huo si mchubuko wa kupulizia. Daktari aliutazama kwa muda, akasema mguu uvuliwe mara moja, na kwamba uchafu ukifika kwenye mfupa itabidi wakate tena, safari hii juu ya goti. Alilisema taratibu, lakini alilisema. Goti likiondoka, Shangazi, kwa umri wa baba, kusimama kunakuwa habari nyingine kabisa.

Siku hizo ndizo ulizokuwa ukinipigia na mimi nakwambia anaendelea vizuri, huku yeye yuko pale pale ananitolea macho nisiseme. Nilienda kazini, nikishika tupa naona ngozi ya baba. Nilimwomba Mama Tupa anipe kazi za kukata mikanda tu, nisiguse kikombe cha mguu wa mtu. Kikombe ndicho tunachoita ile sehemu ya juu inayopokea kigutu. Hakunigombeza. Alinipa mikanda.

Na kama vile walikuwa wameambizana, wiki hiyo hiyo bosi wangu wa zamani akapiga simu. Aliyechukua nafasi yangu ameondoka, kiti changu kipo, je, ningependa kurudi? Nikamwambia anipe mpaka mwisho wa mwezi. Mume wangu alisikia, hakusema kitu. Lakini nilipotoa ile blauzi yangu ya ofisini nikaanza kuipiga pasi, alikuja akachomoa pasi ukutani, akaondoka nayo. Wewe umemzoea. Hiyo kwake ni hotuba ndefu.

Mama akawa anaosha kidonda asubuhi na jioni. Baba hakulalamika hata mara moja, na ule ukimya wake ndio ulionichoma zaidi. Siku daktari alipobonyeza pale mahali kwa kidole, akasema ngozi imeshikana na mfupa haukuguswa, nilikaa kwenye benchi la nje nikajifunika uso kwa mtandio. Mama akadhani nimepata habari mbaya. Ilibidi nimvute mkono akae, nimweleze kwamba ni nzuri.

Jioni ile nilimkuta baba hapa chumba cha mbele. Alikuwa ameifunua cherehani, anaipaka mafuta bila kushona chochote. Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshachoka kuogopa.

"Baba, kwa nini hukuniambia kwamba mguu ulikuwa unakuumiza?"

Aliendelea kutia mafuta. "Mwalimu wako alikuwa amesimama pale," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nimwambie umekosea, mbele yake? Wewe mtoto wangu?"

Shangazi, mimi nilidhani alikaa kimya kwa kunidharau. Miezi yote ile nilikuwa na hakika kwamba haniamini. Kumbe alitembea juu ya kidonda ili nisiaibike. Nilitafuta la kusema, na lililonijia nikalisema bila kulipima.

"Mteja akivaa suruali hapa, akakwambia iko sawa na huku kiuno kinambana, unafanyaje?"

"Simwamini," akasema papo hapo. "Namkalisha. Namwinamisha. Namwambia apande kigoda ashuke. Watu wanaona haya, hawasemi."

Aliweka kopo la mafuta chini, akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akanitazama kama anayenipima mabega.

"Haya," akasema. "Nikalishe. Niinamishe."

Nikaenda kuuleta ule mguu uliotuumiza, na tukaanza upya kama fundi na mteja wake. Nilimkalisha, nikamwinamisha, nikamshusha na kumpandisha, kwa muda mfupi tu kwa sababu ya ngozi changa. Safari hii alisema kila kitu, tena kwa maneno ya kazi yake. Hapa achia kidogo. Hapa bana, usiogope. Hapa pamelegea ndiyo maana panacheza, na panapocheza ndipo panaposugua. Akachukua chaki yake ya cherehani akachora mwenyewe kwenye kikombe. Akaniambia pia kwamba mguu wake asubuhi unajaa na jioni unanywea, na ikifika saa za jioni alikuwa anaogelea ndani. Hilo darasani nililisoma. Lakini kulisikia kutoka kwa mtu aliyekuwa akizama mule, huku anakuonyesha kwa kidole, ni kitu kingine.

Kesho yake nilimwomba Mama Tupa anirudishie vikombe. Akauliza, "Mikanda imekuchosha?" Nikamwambia ndiyo. Nilifanya kalibu mpya, na baba akaja kujaribu mara nyingi hata nilipomwambia mara hii si lazima. Ikawa akiingia, wagonjwa wengine wanamsogelea. Yeye anawaambia waseme panapobana, wasione haya, huyu hachukii. Huyu ni mimi.

Bosi nilimpigia kabla mwezi haujaisha. Akauliza nimepata ofisi gani. Nikamwambia sina ofisi, niko karakana, natengeneza miguu. Akakaa kimya sana, nikajua sasa ananihurumia. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniuliza kama naweza kumtazama mama mkwe wake. Mama mkwe alikuja wiki iliyofuata.

Mguu wa pili una miezi kadhaa sasa na ngozi ni safi. Mama anaikagua kila anapoenda kulala, kwa taa na kwa miwani, kama anatafuta sindano. Jioni baba anaongeza soksi ya pili bila kukumbushwa.

Cherehani ilikuwa kazi nyingine. Unyayo wa mpira hauhisi kanyagio, kwa hiyo mwanzoni gurudumu lilikuwa linarudi nyuma na uzi unakatika. Alitukana kwa sauti ndogo. Sasa anasukuma kwa mguu wa kushoto na wa kulia anauacha ufuate. Mshono wake wa kwanza ulikwenda upande kama mtu aliyelewa, akaufumua, akarudia. Nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho yake kwenye hilo yamegoma, akasema bila kunitazama, "Nilidhani nakuepusha na taabu."

"Najua, Baba."

"Kumbe nilikuchelewesha."

Nilimpa sindano, akashona. Lakini ule mzigo niliokuwa nimeubeba tangu siku nilipokabidhi funguo za ofisi, sijui ulikwenda wapi, Shangazi. Niliutafuta kesho yake sikuuona.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili. Kuna siku bado inaniuma. Wale vijana niliosoma nao wana maisha mazima ya kazi mbele yao, mimi ninayo nusu, vidole vikiniruhusu. Asubuhi nyingine vinagoma kukunja. Lakini nalala vizuri, na jioni mtu akiniuliza nimefanya nini, nina cha kumwonyesha, mara nyingine kinapita barabarani chenyewe.

Jana asubuhi tukiwa mezani baba aliniuliza, "Leo unamtengenezea nani?" Hajawahi kuniuliza. Nikamwambia ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene kiasi, anataka kufundisha bila gongo ili apate mkono wa kushika kitabu. Baba akasukuma kikombe cha chai pembeni. "Anasimama sana huyo," akasema. "Na anageuka geuka. Mtazame nyuma ya goti." Nikamwambia nimeshapatazama. "Na anapoinama kusahihisha?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukasogeza sahani, tukachora kwa chaki juu ya meza ya mama, yeye anasema hivi, mimi nasema vile, mpaka mama akaja na kitambaa akafuta mguu wote. Nilichelewa kazini, mimi ambaye sichelewi. Mama Tupa aliponiuliza kulikoni, nikamwambia nilikuwa nazungumza kazi na baba.

Nisalimie mume wako na umwambie koti lake litashonwa, sasa hana kisingizio cha kutotuma vipimo. Wasalimie wanao wote wawili, na yule mkweo mpya ambaye hatujamwona ila kwa picha. Wifi yako anakukumbatia na kurudia habari ya vitu vya moto. Kaka yako anasema hana la kusema, na sasa hivi amekuja kuketi hapa ananisomea begani kuona kama nimetia chumvi.

Mungu akulinde huko uliko, akitulize kifua chako, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye bila kupungua,

yule yule uliyempa jina Bi Mbona.